Maswali ya Wasomaji: Objekti Isiyoonekana Huifikiaje Programu Yake?

Barua kadhaa zilizotufikia zinahusu jambo moja, ingawa waandishi wake wanatumia lugha tofauti za programu. Objekti ambayo haichorwi kwenye skrini, kama vile taima, muunganisho wa hifadhidata au kikagua data, ikihitaji kuifikia fomu au programu iliyoizaa, ipitie wapi? Tumezijibu pamoja, na tumeanza na barua ya Delphi, lugha na zana ya kutengenezea programu, kwa kuwa huko mahusiano yanayohusika yana majina yaliyo wazi, na msomaji akiyaelewa hapo hatapata taabu kwingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, natengeneza programu ya maduka ya jumla kwa Delphi. Fomu ya oda ina taima ambayo kila dakika hukagua hifadhidata na kuandika idadi ya oda mpya kwenye lebo. Nilitaka kuitumia taima hiyo katika fomu nyingi, kwa hiyo niliiundia klasi yake inayorithi TTimer, na ndani yake nikaandika Parent ili niipate fomu. Kikusanyaji (compiler) kilikataa kwa kusema kwamba jina Parent halijatangazwa. Baadaye niliamua kuiunda taima kwa TTimer.Create(Application), na tukio lake nikalielekeza kwenye fomu. Inafanya kazi, lakini nikiifunga fomu ya oda, ambayo nimeiwekea caFree (yaani ifutwe kabisa ikifungwa), hutokea ujumbe wa Access violation, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Hautokei kila mara, na pengine hukawia dakika kadhaa. Kwa nini taima isiwe na mzazi, ilhali nikiidondosha juu ya fomu naiona palepale kama ikoni? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ikoni unayoiona juu ya fomu ni ya wakati wa kubuni peke yake. Programu ikishaanza kuendeshwa, ikoni hiyo haipo tena na taima haina nafasi yoyote kwenye skrini, hivyo hakuna paneli wala fomu inayoibeba. Hilo ndilo jibu fupi la swali lako la mwisho. Hata hivyo, hitilafu unayoieleza imetokana na kuchanganya mahusiano mawili ambayo Delphi imeyatenganisha tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1995, kwa hiyo inafaa tuyatazame moja moja.

Uhusiano wa kwanza ni wa umiliki, nao unaitwa Owner. Umetangazwa katika klasi ya TComponent, kwa hiyo kila kijenzi kinao, kionekane kisionekane. Kazi yake kubwa ni kusimamia uhai: mmiliki anapofutwa kwenye kumbukumbu, kila kijenzi anachokimiliki hufutwa pamoja naye. Uhusiano wa pili ni wa mahali, nao unaitwa Parent. Huu umetangazwa ngazi moja chini, katika TControl, yaani kwenye tawi la vijenzi vinavyochorwa, na ndio unaoeleza kwamba kitufe fulani kimo ndani ya paneli fulani, kwamba vipimo vyake vihesabiwe kuanzia kona ya paneli hiyo, na kwamba paneli ikifichwa nacho kifichwe. Kitufe ulichokiweka ndani ya paneli wakati wa kubuni humilikiwa na fomu ilhali mzazi wake ni paneli, na hapo unaona kuwa mahusiano haya hayalazimiki kuelekea kwa objekti moja. TTimer hurithi moja kwa moja kutoka TComponent bila kupitia TControl, ndiyo maana kikusanyaji hakikulitambua jina Parent ndani ya klasi yako. Hata kitendakazi cha GetParentForm, ambacho wengi hukikimbilia wakifika hapa, hakiwezi kukusaidia, kwa sababu hupokea TControl tu.

Nitoke nje ya njia kidogo. Taima ya Delphi kwenye Windows ina dirisha, tena dirisha halisi la mfumo. Hulitengeneza kwa siri kupitia AllocateHWnd ili lipokee ujumbe wa WM_TIMER. Kwa hiyo tunaposema objekti haionekani hatusemi kwamba haina dirisha. Tunasema kwamba haina nafasi katika mpangilio wa vitu vilivyomo ndani ya fomu yako.

Sasa tuje kwenye Access violation. Ulipoandika TTimer.Create(Application) uliipa taima mmiliki atakayeishi hadi programu nzima ifungwe. Tukio la OnTimer, kwa upande wake, halihifadhi anwani ya utaratibu peke yake. Huhifadhi anwani mbili: ya utaratibu wenyewe, na ya objekti ambayo utaratibu huo ni wake, ambayo hapa ni fomu ya oda. Fomu ilipofungwa kwa caFree ilifutwa pamoja na lebo yake, lakini taima haikuwa miongoni mwa vitu inavyovimiliki, ikaendelea kuhesabu. Dakika ilipotimia, taima iliuita utaratibu wa fomu kwa anwani ambayo haina fomu tena. Ikiwa sehemu ile ya kumbukumbu haijagawiwa kwa kitu kingine, utaratibu unaweza hata kukamilika pasipo malalamiko yoyote, ukiandika kwenye lebo ambayo haipo. Ikiwa imekwisha kugawiwa, ndipo ujumbe unapotokea. Huo ndio ukigeugeu uliouona.

Dawa ya haraka ni kuiunda taima ndani ya fomu kwa TTimer.Create(Self), ambapo Self ni fomu yenyewe. Fomu ikifutwa, tukio lake la OnDestroy hutangulia, kisha vijenzi inavyovimiliki hufutwa, kwa hiyo ndani ya OnDestroy bado unaweza kuisimamisha taima kwa usalama ukipenda. Angalizo moja: fomu isiyo ya kwanza, ukiifunga bila kuiwekea caFree, haifutwi bali hufichwa tu, na taima yake huendelea kuiuliza hifadhidata kila dakika kwa niaba ya dirisha ambalo hakuna anayelitazama. Katika duka lenye kompyuta nyingi zinazotumia seva moja, madirisha ya namna hiyo yakilimbikizana yanaweza kuwa mzigo wa kweli kwa seva. Weka Enabled kuwa False katika tukio la OnHide, na uirudishe katika OnShow.

Limebaki suala la klasi yako ya kutumika katika fomu nyingi. Njia inayovutia ni kuandika ndani yake (Owner as TFomuOda).LeboOda.Caption, kwa kuwa Owner ipo na fomu hupatikana. Sikushauri. Siku utakapoiweka taima hiyo ndani ya TFrame au TDataModule, ambazo ni vibebaji vya vijenzi visivyo fomu, Owner haitakuwa fomu tena, na programu itasimama kwa EInvalidCast. Zaidi ya hapo, klasi iliyokusudiwa kutumika popote itakuwa imefungwa kwa jina la fomu moja na la lebo moja, na faili mbili za msimbo zitalazimika kutajana. Klasi nzuri hapa, tuiite TMkaguziOda, haina haja ya kuijua fomu hata kidogo. Itangaze tukio lake yenyewe, kwa mfano OnOdaMpya, ambalo hupeleka idadi ya oda. Fomu inayoitumia ndiyo itakayoamua kama idadi hiyo iandikwe kwenye lebo, ipigiwe kengele au ipuuzwe. Kwa namna hiyo fomu humjua mkaguzi, naye mkaguzi haijui fomu. Anajua tu kwamba kuna mahali pa kupeleka habari, na kama hakuna aliyeunganishwa, yaani Assigned ikirudisha False, hapeleki.

Mara chache kijenzi kisichoonekana hulazimika kushika rejeo la kijenzi kingine chenye mmiliki tofauti, kwa mfano upau wa hali uliomo katika fomu kuu. Hapo Owner haitoshi, kwa sababu yule wa pili anaweza kufutwa bila wa kwanza kupata habari. Delphi ina utaratibu wa jambo hili, nao hutumiwa kidogo kuliko unavyostahili. Kijenzi cha kwanza humwita FreeNotification wa kijenzi cha pili na kujitaja, kisha huandika upya utaratibu wa Notification. Operesheni ikiwa opRemove na kijenzi kinachotajwa ndicho kile alichokishika, hulifuta rejeo lake kwa kuliweka nil, yaani tupu. Maktaba yenyewe hufanya hivyo. Menyu ya kitufe cha kulia, TPopupMenu, ni kijenzi kisichoonekana hadi kiitwe, na inaweza kuwamo katika fomu moja huku ikitumiwa na vidhibiti (vitufe na vijenzi vingine vinavyochorwa) vya fomu nyingine. Kidhibiti kinapopewa menyu hiyo hujiandikisha kwa FreeNotification, kwa hiyo menyu ikifutwa hakibaki kimeshika anwani iliyokufa. Menyu nayo, ikitaka kujua ni kidhibiti kipi kilichobonyezwa, husoma PopupComponent. Hapo pia haitafuti mzazi, bali huambiwa wakati wa tukio.

SWALI: Mhariri, nimekuwa nikisoma ushauri wa namna hii wa kupeleka matukio na kuficha fomu, na naona unawachosha wanaoanza. Delphi yenyewe inatangaza kigeu cha jumla kwa kila fomu, Form1, Form2 na kadhalika. Kwa nini objekti yoyote isiandike tu Form1.Label1.Caption, na mambo yakaisha? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa programu ya dirisha moja ambayo hutaigusa tena, andika hivyo na uendelee na mambo mengine, sitakushika mkono. Ugumu huanza programu inapokua. Kigeu Form1 ni kimoja, lakini klasi TForm1 inaweza kuwa na nakala nyingi. Tuseme mteja anataka kufungua madirisha mawili ya oda kwa pamoja, moja la tawi la Mombasa na jingine la Malindi. Taima ya dirisha la Malindi itaandika idadi yake kwenye lebo ya dirisha la Mombasa, kwa sababu ndilo lililomo katika Form1, na karani ataona nambari inayobadilika bila mpango. Kosa hilo halitoi ujumbe wowote, na kulisaka huchukua muda mrefu kuliko ule uliouokoa.

Kuna jingine. Fomu ikifutwa, kigeu chake hakijiweki nil chenyewe, hivyo sharti la Assigned(Form1) litakujibu kwamba fomu ipo ilhali haipo. Vilevile klasi iliyotaja Form1 haiwezi kuhamishiwa kwenye programu isiyo na madirisha, kama huduma inayoendeshwa usiku kwenye seva, bila kuburuta nyuma yake maktaba nzima ya fomu. Huo ndio mtihani ninaowapa wanaoniuliza: je, klasi hii inaweza kukusanywa ndani ya programu isiyo na dirisha hata moja? Kama kazi yake ni kukagua oda, inapaswa kuweza.

Objekti Application ni habari tofauti kidogo. Ni moja tu kwa kweli katika programu nzima, na yapo mambo yaliyo yake kihalali: njia ya faili linaloendeshwa, kushughulikia hitilafu ambazo hazikukamatwa popote kupitia OnException, na kuifunga programu. Kuiuliza mambo hayo si kosa. Kosa ni kuifanya kuwa mlango wa kupitia ili kufika kwenye lebo.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi, na ninatumia Python pamoja na PyQt, maktaba inayoleta madirisha ya Qt kwenye Python. Ndani ya __init__ ya dirisha langu nimeandika saa = QTimer(), nikaunganisha timeout na utaratibu wa kusasisha, kisha saa.start(60000). Hakuna hitilafu, lakini utaratibu hauitwi kamwe. Rafiki yangu aliniambia niandike QTimer(self), na ghafla ikafanya kazi. Naomba kuelewa sababu. Tena, nilipohamishia kazi nzito kwenye QThread (uzi wa pili wa utekelezaji) nilifuata ushauri uleule wa kutia self, nikapata ujumbe kwamba objekti yenye mzazi haiwezi kuhamishwa. — Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Hongera kwa kuuliza sababu baada ya mambo kukubali, maana wengi huishia hapo. Katika toleo lako la kwanza, saa ni kigeu cha ndani ya __init__. Utaratibu huo ulipomalizika, Python iliona hakuna anayeirejelea tena ile objekti, ikaifuta, na taima ya C++ iliyokuwa nyuma yake ikafutwa pia, muda mrefu kabla ya milisekunde 60000 kutimia. Kuunganisha timeout na utaratibu wa dirisha hakuifanyi taima iendelee kuishi. Ulipoandika QTimer(self), dirisha lilikuwa mzazi wa taima, na katika Qt mzazi ndiye mwenye jukumu la uhai wa watoto wake. Ungeweza pia kuandika self.saa = QTimer(), na rejeo hilo lingeiweka hai, lakini kumpa mzazi ni bora kwa kuwa kunaeleza pia lini ifutwe.

Utaona kwamba Qt haina majina mawili kama Delphi. Neno ni moja, parent, na kwa QObject isiyoonekana maana yake ni umiliki tu. Kwa QWidget neno hilohilo hubeba maana zote mbili, umiliki na mahali, kwa hiyo wijeti iliyopewa mzazi huchorwa ndani yake. Hapa wanafunzi huteleza, hasa kwenye mipangilio. QVBoxLayout ni objekti isiyoonekana, na ukiitia vitufe vitatu ungedhani vimekuwa watoto wake. La hasha, wazazi wa vitufe hivyo huwa ni wijeti iliyowekewa mpangilio huo. Ukiita kitufe.parent() utarudishiwa wijeti, si mpangilio.

Kuhusu uzi wa pili, ujumbe uliouona ni wa haki. Mzazi na watoto wake katika Qt lazima wakae katika uzi mmoja wa utekelezaji, na dirisha halihami kutoka uzi mkuu. Kwa hiyo objekti unayotaka kuihamisha kwa moveToThread usiipe mzazi kabisa. Badala yake weka rejeo lake katika self ili Python isiifute, unganisha ishara (signal) ya finished ya uzi na deleteLater yake, na mawasiliano yote na dirisha yapitie kwenye ishara. Huko ishara si suala la unadhifu kama ilivyokuwa kwa msomaji wa Tanga. Ni lazima, kwa kuwa kuandika kwenye wijeti ukiwa nje ya uzi mkuu hakuruhusiwi na kunaweza kuiangusha programu. Ukihitaji programu yenyewe kutoka popote, QCoreApplication.instance() itakupa, na itoshe kwa mambo ya programu nzima kama kuifunga.

SWALI: Habari Mhariri. Naandika programu ya Android kwa Kotlin, ya kuweka kumbukumbu za michango ya chama. Nina objekti ya pekee inayoitwa KikokotoaMichango, ambayo hukokotoa jumla na kuandika matokeo kwenye TextView (sehemu ya maandishi kwenye skrini). Niliipa MainActivity, yaani Activity (dirisha) kuu ya programu, ili iweze kuifikia skrini. Simu ikigeuzwa kulala, jumla haibadiliki tena, na LeakCanary, zana ya kugundua uvujaji wa kumbukumbu, hulalamika kwamba MainActivity inavuja. Mwenzangu alinishauri nitumie applicationContext. Uvujaji ukaisha, lakini sasa nikijaribu kufungua dirisha la uthibitisho programu huanguka kwa BadTokenException. — Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu, katika Android kuna jambo ambalo wenzako wa Delphi na Qt hawakulazimika kulifikiria: dirisha hufa bila mtumiaji kulifunga. Simu inapogeuzwa, mfumo, usipoambiwa vinginevyo, huiharibu Activity na kuiunda nyingine mpya, ili upangilio wa skrini uchaguliwe upya. Objekti yako ya pekee huishi muda wote wa mchakato wa programu, na imeshika Activity ya kwanza. Kwa hiyo baada ya simu kugeuzwa, kikokotoo kinaandika jumla sahihi kwenye TextView ya Activity iliyokwisha kuharibiwa. Hakuna hitilafu inayotokea, na hakuna kinachoonekana. Wakati huohuo rejeo hilo linaizuia Activity ya zamani kufutwa kwenye kumbukumbu, pamoja na mti mzima wa vitu vilivyomo ndani yake, na hicho ndicho LeakCanary ilichokuonyesha.

Mwenzako alikuwa sahihi nusu. Application huishi muda uleule na objekti yako, kwa hiyo kuishika hakuvujishi chochote. Ila Context (objekti ya kuzifikia huduma za mfumo) ya Application na ya Activity hazilingani kwa uwezo, ingawa aina yake katika msimbo ni ileile na kikusanyaji hakitakuonya. Ya Application inafaa kufungulia hifadhidata, kusomea mapendeleo, au kuonyeshea Toast. Dirisha la uthibitisho lazima liambatane na dirisha la Activity iliyopo, na Application haina dirisha. Ndiyo maana mfumo uliukataa utambulisho uliopelekewa. Vivyo hivyo ukijenga mpangilio wa skrini kwa kutumia Context hiyo, mandhari uliyoipangia Activity hayatatumika, na utashangaa kwa nini rangi zimebadilika.

Swali lako halisi, hata hivyo, si kuchagua kati ya Context hizo mbili. Kikokotoa michango hakihitaji hata mojawapo. Kinahitaji orodha ya michango na kinarudisha jumla. Hayo ni mambo ya hesabu, na yanaweza kujaribiwa kwenye kompyuta yako bila simu. Jumla hiyo iweke ndani ya ViewModel, klasi ambayo Google iliileta mwaka 2017 kwa ajili ya tatizo hilihili, kwa kuwa inaishi Activity inapoharibiwa na kuundwa upya. ViewModel itoe thamani kupitia StateFlow, na Activity ndiyo iifuatilie, ndani ya repeatOnLifecycle, ili iache kusikiliza ikiwa haionekani. Simu ikigeuzwa, Activity mpya huanza kufuatilia na hupokea papo hapo thamani ya mwisho, kwa hiyo jumla huonekana bila kukokotolewa tena. Dirisha la uthibitisho nalo lisifunguliwe na kikokotoo. Kitoe habari kwamba uthibitisho unahitajika, na Activity iliyopo wakati huo ilifungue kwa Context yake yenyewe.

Jihadhari usirudishe kosa kwa mlango wa nyuma. Nimeona msimbo ambao ViewModel yake hupewa Activity kupitia utaratibu wa kuwekea thamani, eti kwa muda tu. ViewModel inaishi kuliko Activity, kwa hiyo uvujaji ni uleule. Ikiwa kweli unahitaji Application ndani yake, kwa mfano ili kusoma faili za programu, ipo AndroidViewModel ambayo huipokea katika konstrakta. Hata hapo ningependa zaidi uipelekee objekti ya kusoma faili iliyokwisha kuandaliwa, ili ViewModel isijue faili zimetoka wapi.

SWALI: Mhariri, kazini tumeachiwa mfumo wa zamani wa Flex (zana ya kujengea programu kwa lugha ya ActionScript) unaoendeshwa ndani ya AIR (mazingira ya kuendeshea programu hizo nje ya kivinjari). Klasi zisizoonekana humo hutumia Application.application kila mahali. Tunauhamishia kwenye Flex 4, na kikusanyaji kinatuonya. Tubadilishe vipi? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Ubadilishaji wa moja kwa moja ni FlexGlobals.topLevelApplication, ambao ulikuja na Flex 4 mwaka 2010 kuchukua nafasi ya ule mliozoea. Sifa ya parentApplication ipo kwenye vijenzi vinavyoonekana tu, vile vinavyorithi UIComponent, kwa hiyo msiitafute katika klasi zenu. Mtakutana pia na sharti jipya: katika faili za MXML (lugha ya Flex ya kupangia skrini) za Flex 4, kila tagi ya kitu kisichoonekana lazima iwekwe ndani ya fx:Declarations, la sivyo kikusanyaji kitaikataa.

Kwa klasi zinazotangazwa ndani ya MXML kuna njia safi zaidi. Klasi ikitekeleza kiolesura cha IMXMLObject, Flex huiita kwa utaratibu wa initialized, na huipelekea document, yaani faili la MXML lililoitangaza, pamoja na kitambulisho chake. Hapo objekti haitafuti mtu, inakabidhiwa. Anzeni na klasi hizo, na zile zinazoundwa kwa msimbo wa ActionScript zipeni mnachotaka zikijue kupitia konstrakta. Jambo la kuangalia kwa makini ni kama mfumo wenu hupakia programu ndogo ndani ya kubwa kwa SWFLoader. Kama upo hivyo, topLevelApplication itawarudishia programu kubwa hata pale klasi inapokuwa ya ile ndogo, na sifa mnayoitafuta haitakuwamo; document ya initialized itabaki ile iliyoitangaza klasi, kwa hiyo sehemu hizo za mfumo zihamisheni kwanza kwenye IMXMLObject kabla ya kugusa nyingine.